Siku tatu Varanasi na mama mwenye magoti mabovu: tuanzie hekalu gani, saa ngapi, lango lipi?

mwana_kisauni aliuliza:

Wakuu, salaam. Katikati ya Novemba namsindikiza mama jirani yetu wa hapa Mombasa kwenda Varanasi, India. Yeye ni Mhindu, umri umepita miaka 70, anatembea kwa mkongojo na ngazi zinamtesa. Mimi si Mhindu. Wanawe wameniachia mpango wote. Tuna siku tatu kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka.

Nia yake kubwa ni darshani katika hekalu la Kashi Vishwanath, yaani afike mbele ya mungu Shiva amwone na aonwe. Anataka pia Kal Bhairav, Annapurna, Sankat Mochan, na aarti (ibada ya taa) ya jioni mtoni. Naomba kujua: tupange mahekalu kwa utaratibu gani asichoke? Lango lipi la Vishwanath lina ngazi chache? Mimi nitaruhusiwa kuingia naye au nitabaki nje? Na ni mambo gani huharibika pale ambayo naweza kuyazuia mapema?

---

reli_na_barabara alijibu:

Mkuu, kabla ya hekalu lolote fungua kalenda, kwa sababu Varanasi kila siku ya wiki ina mwenyewe. Jumatatu ni ya Shiva, kwa hiyo foleni ya Vishwanath hurefuka kupita kiasi. Jumanne na Jumamosi ni za Hanuman, mungu mwenye umbo la tumbili, na hekalu lake la Sankat Mochan hujaa hadi barabarani. Jumapili na Jumanne watu humiminika kwa Kal Bhairav. Ukiziondoa siku hizo unabaki na Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na hizo ndizo siku zenu tatu. Mfike Jumanne jioni, muondoke Jumamosi. Kwa mtu mwenye mkongojo, kuchagua siku kunamwokoa kuliko tiketi yoyote utakayonunua.

Kisha tazama mwezi. Siku ya 15 baada ya Diwali ni mwezi mpevu wa Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindu, na usiku huo Varanasi husherehekea Dev Deepavali: ngazi zote za mtoni huwashwa vitaa vya udongo, kutoka upande wa Assi hadi Raj Ghat. Inapendeza mno, lakini nauli za mashua hupanda mara kadhaa, vyumba huisha miezi kabla, na umati unaosukumana kwenye ngazi haumfai mtu wa magoti. Ikiwa tarehe zenu zinagongana na siku hiyo, sogeza safari kwa siku nne au tano.

Sasa malazi. Watu wengi wataka nyumba za wageni za vichochoroni karibu na Manikarnika kwa sababu Vishwanath iko pua na mdomo. Usifanye hivyo. Vichochoro vile ni vyembamba, bajaji haziingii, ng'ombe na pikipiki hupita humo humo, na nyumba nyingi ni za ghorofa tatu au nne bila lifti. Kaeni upande wa Assi, kusini mwa mji. Gari hufika karibu na mlango, na mahekalu matatu mnayoweza kuyaona bila haraka yako hapo hapo: Durga Kund, Tulsi Manas na Sankat Mochan. Mbele kidogo, ndani ya chuo kikuu cha BHU, liko hekalu jipya la Vishwanath. Bajaji moja ya nusu siku inatosha kwa yote manne.

Mpango wangu ungekuwa hivi. Jumatano asubuhi ni ya kusini, kwa utulivu, ili mwili uzoee. Anzeni Sankat Mochan mapema, kwa sababu mahekalu mengi hufunga milango saa za mchana mungu "apumzike", na ukifika saa saba mchana utakuta pazia limeshushwa. Durga Kund ni lile jekundu lenye bwawa la mraba ubavuni, lilijengwa karne ya 18 na malkia mmoja wa Bengal, Rani Bhabani. Jirani yake Tulsi Manas ni jengo la marumaru nyeupe la mwaka 1964, na kuta zake zimechorwa beti za Ramcharitmanas, utenzi wa maisha ya Rama. Mshairi Tulsidas alitunga sehemu ya utenzi huo katika mji huu. Sakafu ni tambarare na kuna nafasi ya kukaa, kwa hiyo hapo mama apumzike. BHU maliza nalo: hekalu lina mnara wa mita 77 hivi, na linapokea watu wa dini zote bila kuulizwa swali.

Alhamisi ni Vishwanath na Annapurna tu, basi. Ijumaa Kal Bhairav asubuhi, na mashua jioni. Ukiona siku moja ina mahekalu matano, ujue umempangia mtu mwingine, si mama huyu.

---

jasmini_upanga alijibu:

Kaka, hongera kwa kumsindikiza. Mengi aliyosema mwenzangu ni sawa, ila kwa mwenye imani utaratibu una uzito wake. Kal Bhairav ni kotwal wa Kashi (jina la kale la Varanasi), askari mkuu wa mji. Wazee wengi hawataki kuondoka, na wengine hawataki hata kuanza, bila kumpitia. Muulize mama kama angependa aende kwake kwanza. Akisema ndiyo, weka Bhairav Jumatano alfajiri, na mahekalu ya kusini yasogee Ijumaa. Hakuna kinachoharibika.

Kwa Bhairav mtashuka Maidagin, kisha ni mwendo mfupi wa kichochoro. Hekalu ni dogo sana. Sanamu yenyewe imefunikwa mashada, unaona uso wa fedha tu. Watu humpelekea mafuta ya haradali na ufuta mweusi, wengine hata pombe, na mbwa hulala ndani bila kufukuzwa kwa sababu mbwa ndiye kipando chake. Pujari, yaani kuhani wa hekalu, atampigapiga mama mgongoni kwa fagio la manyoya ya tausi na kumfunga uzi mweusi. Hiyo ni baraka ya kumkinga na shari, usishtuke. Uzi una sadaka yake. Mpe noti ndogo kabla hajataja kiasi.

Vishwanath sasa. Jengo lililopo ni la mwaka 1780, lilijengwa na Maharani Ahilyabai Holkar wa Indore, na dhahabu ya kwenye kuba na mnara ilitolewa karne ya 19 na Maharaja Ranjit Singh wa Punjab. Vichochoro vilivyolizunguka vilibomolewa, na tangu Desemba 2021 pana uwanja mkubwa unaoshuka hadi mtoni. Kwa magoti ya mama huo ni unafuu mkubwa, mradi usiingilie upande wa mto: lango la Ganga Dwar linatazama ngazi nyingi kutoka Lalita Ghat (ghati ni ngazi za ukingoni mwa mto). Ingieni Lango namba 4, lililo kwenye barabara kuu kati ya Maidagin na Godowlia. Hapo njia ni karibu tambarare. Ulizeni dawati la msaada kuhusu kiti cha magurudumu kabla ya kujiunga na foleni. Mkishaingia katikati ya vyuma vya foleni, kurudi nyuma ni shida.

Kuhusu wewe. Kwa kanuni ya zamani chumba chenyewe cha ndani ni cha Wahindu. Kwa vitendo, wageni wengi huingizwa wakionyesha paspoti, na ofisa wa langoni ndiye mwenye kauli ya mwisho siku hiyo. Beba paspoti halisi, nakala haitoshi. Ukiulizwa dini, sema kweli kwa adabu na eleza kwamba unamshika mkono mama mgonjwa. Usijifanye Mhindu. Wakikukatalia chumba cha ndani, utabaki uani, na wahudumu wa foleni watampitisha mama. Kwa hiyo mfundishe hapo hotelini mahali pa kukutana baada ya kutoka, kwa sababu hamtakuwa na simu.

Simu ndiyo inayowakwamisha wageni wengi. Haziingii: simu, saa za kisasa, kamera, chaja, hata funguo za gari zenye rimoti. Kalamu, kiberiti, sigara na vitu vya ngozi navyo hurudishwa. Kuna loka za kuhifadhi, lakini ziache zote hotelini, umalize. Wenye maduka karibu na lango watakuita, "weka simu hapa bure, na viatu bure". Ni bure kweli, ila sharti ununue kikapu cha maua, maziwa na peremende kwa bei yao, na bei hiyo utaambiwa ukisharudi kuchukua simu. Kama mnataka kikapu, na mama bila shaka atakitaka, kubalianeni bei kabla hajavua ndala.

Kikapu cha Shiva kiwe na majani ya bilva, yale yanayoota matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Yawe mazima, bila tundu wala mpasuko. Upande laini ndio unaolazwa chini juu ya linga, nguzo ya jiwe inayomwakilisha Shiva. Maziwa kidogo, maji ya Ganga, maua ya datura. Majani ya tulsi (mrehani mtakatifu) msimpelekee Shiva, hayo ni ya Vishnu na ya Hanuman. Muuzaji hatakuambia.

Ndani, linga limo kwenye kisima cha mraba kilichozungushiwa fedha, chini ya usawa wa sakafu na pembeni mwa chumba. Mtu asiyejua hutazama katikati, akatafuta kwa macho, na walinzi wamekwisha kumsukuma "chaliye, chaliye", yaani songa mbele. Mama ana sekunde chache tu. Mwelekeze kabla: akifika mlangoni atazame chini. Wakati mwingi watu hawaingii kabisa, humwaga maziwa na maji mlangoni kwenye mfereji unaopeleka hadi kwenye linga, na darshani hiyo ni halali kamili. Asihisi amenyimwa.

Kuzunguka hekalu hufuata mkono wa saa. Ila mkizunguka linga lolote la Shiva lililo peke yake, na humo uani yapo mengi, msiuvuke mfereji wa kutolea maji. Mnakwenda hadi kwenye mfereji, mnageuka, mnarudi mlikotoka.

---

reli_na_barabara alijibu:

Asante dada, mfereji huo sikuutaja na ni jambo zito. Naongeza kuhusu saa. Vishwanath hufungua saa nane na nusu usiku, na Mangala Aarti, ibada ya kumwamsha mungu, ni saa tisa hadi saa kumi. Baadaye kuna aarti ya chakula karibu saa tano na robo asubuhi, Saptarishi saa moja jioni, Shringar saa tatu usiku, na ya kumlaza mungu saa nne na nusu usiku. Wakati wa aarti foleni ya kawaida husimama. Ndiyo maana mtu akijiunga na foleni saa tano kasoro asubuhi hujikuta amesimama saa nzima bila kusogea hatua, akadhani kuna fujo mbele.

Kwa mama huyu ningependekeza Mangala Aarti. Inakatiwa tiketi mapema kwenye tovuti rasmi ya hekalu, idadi ni ya kikomo, na hakuna jua.

---

jasmini_upanga alijibu:

Hapo kaka sikubaliani. Mangala ni tukufu, lakini hesabu: kuamka saa saba usiku, kuoga, kutoka Assi, kukaguliwa, kusimama au kukaa sakafuni umebanwa, halafu marumaru ya Novemba saa kumi usiku ni baridi na imelowa maziwa. Mzee wa mkongojo akiteleza pale safari imekwisha. Afadhali waingie mara baada ya Mangala, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi, kwa tiketi ya Sugam Darshan ambayo hupunguza foleni. Tiketi hiyo inunuliwe tovutini au dirisha rasmi la hekalu tu. Mtu yeyote anayekufuata njiani akisema "VIP darshan" anakuuzia foleni ile ile utakayoipata bure, au anakupeleka kwenye hekalu jingine kabisa.

Na ndala zibaki karibu na lango, si hotelini. Soksi huruhusiwa, ila zitalowa. Mchukulie jozi mbili nene, ya pili ndani ya mfuko wa nguo. Mkongojo wa mbao au aluminiamu kwa kawaida hupita ukaguzi. Ncha ya mpira iwe mpya.

Mkitoka kwa Vishwanath msirudi moja kwa moja. Annapurna yuko hatua chache. Ndiye mke wa Shiva kwa umbo la mlishaji, na kwa imani yetu hata Shiva alimwomba chakula mji huu huu. Hekalu la sasa ni la karne ya 18. Hulisha watu bure mchana, na mama akila pale, hata kijiko cha wali na dengu, hiyo ni prasadi (chakula kilichobarikiwa) kubwa kuliko peremende zote za sokoni. Sanamu ya dhahabu hufunguliwa siku chache tu za Diwali, kwa hiyo nje ya siku hizo msiitarajie. Mnayoiona kila siku ni nyingine. Akibaki na nguvu, Vishalakshi iko jirani na Mir Ghat, hekalu la mtindo wa kusini linalotunzwa na Wachettiar, jamii ya wafanyabiashara wa Kitamil. Akichoka, liacheni.

---

muuguzi_tanga alijibu:

Habari ndugu. Naongeza ya afya, kwa kuwa yameachwa.

Homa ya manjano kwanza. India huwataka wasafiri wanaotoka Kenya, Uganda, Burundi na Kongo waonyeshe kadi ya chanjo, na kadi huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Ukidungwa wiki moja kabla ya safari hujatimiza. Asiye na kadi halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, yaani safari yenu nzima. Chanjo moja sasa inahesabiwa ya maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani ya mama itafaa mradi isomeke na jina lifanane na la paspoti. Mtu aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa amwone daktari kwanza, kwa sababu madhara ya chanjo hiyo huongezeka kwa wazee. Wapo wanaopewa cheti cha kutochanjwa badala yake. Hilo mlishughulikie mapema, msilifikishe wiki ya mwisho.

Maji ya Ganga: kuoga na kujimwagia ni ibada, siingilii. Kunywa hapana. Uchafuzi wa kinyesi ni mkubwa kwenye mkondo wa mjini. Hekaluni pujari atamtilia mama maji kijiko kimoja kiganjani, mkono wa kulia. Mhindu mzee anajua kwamba anaweza kuyagusa midomoni na kuyapaka utosini. Wewe fanya hivyo hivyo kama hutaki kuyanywa, hakuna atakayekasirika.

Tumbili: Sankat Mochan na Durga Kund wamejaa. Wanachotaka ni chakula, na wanaujua mfuko wa plastiki na boksi la laddu (vitamu vya mviringo) hata ukiwa mbali. Nunua laddu ukishakuwa langoni pa kuingilia, zipeleke kwa Hanuman, na prasadi utakayorudishiwa itie ndani ya mkoba wenye zipu, usiibebe mkononi. Akikunyang'anya, mwachie. Usimtazame machoni, usimwonyeshe meno hata kwa kucheka, kwake huo ni ugomvi. Akiuma au kukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kusubiri urudi Mombasa ni hatari.

Miwani ya mama ifungwe kamba shingoni. Wanaipenda.

---

mwana_kisauni aliandika:

Nawashukuru sana wote. Nimeongea na mama: amesema Bhairav kwanza, kwa hiyo nafuata utaratibu wa dada Jasmini. Mawili yamebaki. Aarti ya jioni, tukae ngazini au mashuani? Na wanawe wameomba tubebe sehemu ya majivu ya marehemu baba yao tuyatie mtoni. Hilo linafanywaje, na nani hulisimamia?

---

makasia_mawili alijibu:

Mashuani, bila shaka yoyote, lakini kwa mpango. Aarti kubwa ni ya Dashashwamedh, na miezi ya baridi huanza karibu saa kumi na mbili jioni, huchukua dakika 45 hivi. Barabarani, magari huzuiwa Godowlia, kwa hiyo mama angetembea zaidi ya nusu kilomita ndani ya umati, ashuke ngazi, akae sakafuni, kisha apande zote gizani wakati watu elfu kadhaa wanaondoka kwa mara moja. Kupanda kule gizani ndiko kunakowaangusha wazee.

Badala yake pandeni mashua Assi saa kumi jioni. Mji wote uko ukingo wa magharibi na mto hapa unaelekea kaskazini, kwa hiyo mnateremka na mkondo na ghati zote zinapita mkono wa kushoto. Hadi Dashashwamedh ni kilomita mbili na nusu hivi. Mwenye mashua atafunga mbele ya majukwaa, na anayewahi ndiye hupata mstari wa kwanza. Baada ya saa kumi na moja mashua hufungwa moja nyuma ya nyingine hadi safu ya sita, na hapo hamwoni ila migongo. Kukaa mbele kuna kasoro moja: hamtoki mpaka wa nyuma yenu watoke. Mama aende msalani kabla.

Kubalianeni mambo manne kabla ya kukanyaga ubao: bei ya mashua nzima au ya kila kichwa, muda, kurudishwa Assi, na kwamba hakuna kushushwa ghati nyingine. Watu wengi hugombana mwishoni kwa sababu nahodha alitaja bei ya mtu mmoja na wao walisikia ya mashua. Kwa magoti ya mama chukua mashua kubwa yenye ngazi ya kupandia na benchi zenye egemeo. Vimashua vya makasia ni vya alfajiri, tena vizuri mno, lakini kuingia unaruka ukingo.

Mapema jioni hiyo, ombeni mpite kidogo hadi Manikarnika mkiwa kwenye maji. Hapo maiti huchomwa mchana na usiku bila kukatika. Mtaona na hekalu la Ratneshwar limeinama upande na nusu yake chini ya maji. Kamera chini, kabisa. Na msishuke. Ukishuka kama mtazamaji, atakuja mtu mpole anayejua lugha yako, atakupandisha kwenye roshani "uone vizuri", ataeleza bei ya kuni kwa kilo, kisha atadai mchango wa kuni za maskini wanaosubiri kufa. Pesa hizo haziendi kwa maskini, na ukikataa upole unakwisha.

---

jasmini_upanga alijibu:

Majivu. Kutoka Mombasa bebeni cheti cha kifo, cheti cha kuchomea maiti, na muulize ubalozi mdogo wa India hapo Mombasa kuhusu barua yao ya ruhusa kabla hamjakata tiketi. Majivu yawe kwenye chombo ambacho mashine ya ukaguzi hupenya, mbao au plastiki nzito. Chuma kinene hurudishwa, na hakuna ofisa atakayekubali kukifungua. Ndani, mifupa midogo na majivu hufungwa kwa kitambaa chekundu. Ulizeni shirika la ndege kama linataka kiende mkononi au chini, maana yanatofautiana. Mkifika, kitabaki mahali safi juu ya usawa wa sakafu, si chumba cha kulala kama inawezekana.

Ibada yenyewe hufanywa mashuani katikati ya mto, na kwa mama hiyo ni nafuu kuliko ngazini. Pandita, yaani kuhani wa ibada hiyo, atafutwe kupitia jumuiya yao ya hapo Mombasa. Familia nyingi za Kutch na Gujarat zina ukoo wa mapandita wanaowahudumia vizazi na vizazi, na baadhi yao wana vitabu vya majina ya ukoo. Msimchukue aliyewakamata ngazini.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo familia hulia. Mwanzo wa ibada pandita humimina maji kiganjani mwa mama na kumwongoza kutamka nadhiri: jina, ukoo, mahali, tarehe, na kusudi. Pandita asiye mwaminifu huingiza hapo hapo swali la sadaka: sema utatoa ng'ombe, sema utalisha Wabrahmani 21, sema kiasi. Maji yako mkononi, jina la marehemu limetajwa, mjane hawezi kukataa, na akishatamka ameapa. Kwa hiyo kiasi chote kitajwe kabla, mbele yako, na ujumuishe vifaa, mashua na dakshina, yaani sadaka ya pandita mwenyewe. Kisha mwambie mama kwa Kikutch au Kigujarati chake: ukiulizwa kiasi katikati, jibu "kwa uwezo wangu", usitaje tarakimu. Jibu hilo linakubalika kidini kikamilifu.

Bebeni noti za rupia 10, 20, 50 na 100, na sarafu za rupia moja. Sadaka ya heri huishia na moja: 11, 21, 51, 101. Noti ya 500 mkononi mwako, mbele ya pujari, haitapata chenji.

Kama mama atataka kurudi na maji ya Ganga, kuna vyombo vidogo vya shaba vinavyolehemewa mdomo dukani mbele yako. Hivyo havivuji, viende kwenye begi la chini vikiwa ndani ya mifuko miwili. Maua na majani msiyabebe, yatieni mtoni au yaacheni hekaluni. Nazi kavu igaweni kule kule kabla ya uwanja wa ndege.